Barua kwa mwanangu: hizo siku 90 ulizoahidi

Mwanangu,

Marahaba, salamu zako mdogo wako kanifikishia. Sisi wazima, bibi yako magoti bado yanamsumbua ila anakula vizuri. Habari ya uteuzi wako niliiona kwenye grupu la ukoo kabla hujanipigia, watu wananipongeza na mi nauliza kwani kuna nini, basi hilo tuliache.

Nimefurahi. Hilo ulielewe kwanza maana huko chini utaona kama nalalamika tu. Kutoka jeshini mpaka mkuu wa wilaya si kitu kidogo, Jumapili nimesimama kanisani nikatangaza mwenyewe bila kuombwa na mtu. Lakini ile klipu. Ile klipu nimeitazama mpaka bando likaisha. Umevaa sare yako imenyooka, waandishi wamekuzunguka, unasema ndani ya siku 90 ofisi itakuwa safi, kila anayedai malimbikizo atalipwa, na waliozoea kula wajiandae. Hizo siku 90 nani kakupa? Na hizo hela za malimbikizo umeshaziona ziko wapi?

Unajua mi historia nimefundisha mpaka nimestaafu, ya Roma haikuwemo sana kwenye mtaala lakini nilikuwa nasoma yangu usiku. Tangu nione hiyo klipu kuna mtu mmoja haniondoki kichwani, Publius Helvius Pertinax, Kaisari wa Roma. Yeye alipata siku 87 za kutawala. Nakuandikia habari zake kwa urefu na uzisome zote, usiruke kama unavyoruka meseji zangu.

Alizaliwa tarehe 1 Agosti mwaka 126 huko Liguria, kaskazini mwa Italia, upande wa mji wa Alba Pompeia. Baba yake, Helvius Successus, alikuwa mtumwa aliyeachwa huru, akawa mfanyabiashara wa sufu. Wanasimulia kwamba saa ile mtoto anazaliwa mwanafarasi alipanda juu ya paa la vigae, akakaa hapo kidogo, akaanguka akafa, baba mtu akakimbilia kwa mtabiri. Mi mambo ya watabiri siyafuati, ila hiyo habari ya kupanda juu na kukaa kidogo imenikaa vibaya wiki hii.

Yule mzee alimsomesha mwanawe kweli kweli, kusoma, hesabu, Kigiriki, mpaka kijana akawa mwalimu wa sarufi. Akaacha kwa sababu nyumba yetu inaijua, malipo hayakutosha. Akaenda kwa mkubwa mmoja aliyewahi kuwa konsuli, yaani cheo cha juu kabisa cha Roma chini ya Kaisari, Lollianus Avitus, ambaye ndo alikuwa mlezi wa baba yake kwa utaratibu wao wa watumwa walioachwa huru, akaomba amsaidie apate uakida jeshini. Yaani akida kama wale wa kwenye Injili. Baadaye tunamkuta Shamu, kamanda wa kikosi, miaka thelathini imeshampita, wenzake wa koo kubwa wa umri huo walikuwa mbali sana.

Nikueleze hapo maana ndo kiini. Kwa Warumi juu kabisa walikuwepo maseneta, wale wa baraza kuu lao, Seneti, na mtu wa daraja hilo alitakiwa awe na mali ya sestersi, hela yao, milioni 1 kwenda juu. Chini yao kulikuwa na tabaka la wapanda farasi, hao sestersi 400,000. Mpanda farasi alipewa kikosi, au manowari, au kazi ya kusimamia mapato ya Kaisari. Kuongoza legioni nzima, yaani kikosi kikubwa kabisa cha jeshi lao, kuwa liwali wa majimbo makubwa, kuwa konsuli, hayo karibu yote yalikuwa ya maseneta. Kuvuka kutoka huku kwenda kule ilibidi mfalme mwenyewe akuvushe, na ukishavushwa wale waliozaliwa humo wanakuangalia hivi. Wewe umevushwa. Hao utakaowakuta ofisini wapo humo miaka, na wewe wanakuona mtu wa gwaride tu.

Na alianza vibaya. Alipokuwa anakwenda kuripoti kituoni alitumia farasi na magari ya serikali bila kibali. Liwali wa Shamu akamwadhibu, akamtembeza kwa miguu kutoka Antiokia mpaka kituo chake. Ofisa mzima anatembea vumbini askari wanamtazama. Mi naipenda hiyo habari kwa sababu hakuvunjika, alifika, akapiga kazi, vita na Waparthi, wale wa upande wa Uajemi, vilipokuja akajulikana. Gari la serikali mwanangu ni la serikali. Usije ukalileta huku Muheza kubeba machungwa eti kwa sababu ni mara moja, mi machungwa yangu yana fuso lake.

Kutoka hapo akapelekwa Uingereza, kisha Moesia kwenye mto Danube, kisha Italia kusimamia mpango wa serikali wa kulisha watoto maskini kando ya barabara ya Via Aemilia, kisha akapewa manowari za mto Rhine kule Ujerumani. Karibu na mji wa Köln, sehemu inaitwa Brühl, limepatikana jiwe lina maandishi ya vyeo vyake vya miaka hiyo, kwa hiyo hizi si hadithi za kutungwa.

Huko Rhine mama yake alimfuata. Alitoka Italia akavuka milima akamfuata mwanawe kambini, akafia huko huko Ujerumani, na wanasema kaburi lake lilikuwa likionyeshwa muda mrefu baadaye. Mambo mengine ya Pertinax nimeyasoma nikayasahau nikarudia tena, hilo sikuwahi kulisahau tangu nililisoma wewe ukiwa depo. Mi sitakufuata. Bibi yako nitamwacha na nani, na shamba je. Lakini namwelewa yule mama, sijui alikuwa anaogopa nini mpaka akafunga safari yote ile, ila namwelewa.

Basi akahamishiwa Dacia, ambayo leo ni Romania, kazi ya mapato, mshahara sestersi 200,000 kwa mwaka. Hapo fitina zikampata. Watu walipeleka maneno kwa Kaisari Marcus Aurelius, akaondolewa. Miaka yote ile ya Shamu na Uingereza na kila mahali, halafu maneno ya watu tu. Aliyemwinua ni Claudius Pompeianus, mkwe wa Kaisari, naye mtoto wa mpanda farasi tu wa Antiokia, alimchukua awe msaidizi wake kwenye vita vya Danube, akamwona kazi yake, akamtetea. Pertinax akaingizwa Seneti, na ilipojulikana kwamba yale maneno yalikuwa ya kupikwa, Marcus akamrudishia heshima yake na zaidi, akampa cheo cha upretori, yaani cha hakimu mkubwa, na legioni ya kwanza, akawafukuza maadui kutoka Raetia na Noricum, yaani upande wa Austria na kusini mwa Ujerumani ya leo. Mwaka 175 akawa konsuli. Mtoto wa mtumwa aliyeachwa huru. Wapo waliokasirika waziwazi kwa ajili ya ukoo wake, wakasema haya ndo matunda ya vita.

Ila angalia hili, maana ndo ninaloliogopa kwako. Ukonsuli aliupata akiwa hayupo Roma. Akapewa majimbo moja baada ya jingine, Moesia mara mbili, ile ya juu na ile ya chini, tena Dacia, tena Shamu, na mpaka anamaliza majimbo hayo manne alikuwa hajawahi kukanyaga ndani ya ukumbi wa Seneti kama seneta. Kambi alizijua. Mito aliijua. Askari wa mpakani aliwajua wakiwa na njaa na wakiwa wamelewa. Mji hakuujua. Wewe pia kambi unaijua, nani atakubishia, lakini hiyo ofisi ya wilaya hujakaa hata siku moja na tayari umewaambia utaisafisha.

Nasema tena, nani kakupa siku 90?

Marcus akafa mwaka 180 akaja mwanawe Commodus, na huyo historia yake ni uchafu mtupu sitaiandika. Mkuu wa walinzi wa Kaisari, Perennis, akamwambia Pertinax arudi kwao Liguria akae. Karibu miaka mitatu akakaa nyumbani. Duka la baba yake aliliacha vile vile lilivyokuwa, akajenga majengo mengi kulizunguka, na akawa anatumia watumwa wake kufanya biashara humo. Wanasema pia kwamba baada ya Marcus kufa alianza kupenda hela, ardhi ya watu wenye madeni akawa anainunua. Simfichi, sikuletei mtakatifu hapa.

Perennis alipouawa mwaka 185 Commodus akamwandikia barua ya kumwomba radhi akamwomba aende Uingereza, legioni za huko zilikuwa zimeasi. Akaenda. Akazikuta zinataka Kaisari mwingine yeyote, na hata yeye walimtaka, akakataa akawatuliza. Kisha legioni moja ikamgeukia, wakaua waliokuwa naye, yeye wakamwacha katikati ya maiti wakidhani amekufa. Akapona, akawaadhibu vikali sana. Na mwisho akaandika mwenyewe kuomba aondolewe, kwa sababu askari wanamchukia kwa ajili ya ukali wake.

Hapo nilipofika niliweka kitabu chini. Mtu ameshalala katikati ya maiti kwa sababu ya nidhamu aliyoidai, ameshaandika kwa mkono wake kwamba ukali umemharibia, ungedhani amejifunza. Ukali wako najua umetoka wapi, mtaa mzima unazijua fimbo zangu, lakini askari wako ulikuwa unakula nao na kulala nao na kukimbia nao asubuhi, wanakusamehe. Karani wa ofisi hajakimbia na wewe popote.

Akapelekwa Afrika, ile ya Warumi, upande wa Carthage Tunisia ya leo, nako fujo hazikuisha, kisha akawa mkuu wa mji wa Roma, na hapo watu walimpenda maana aliyemtangulia, Fuscianus, alikuwa mkali mno na yeye akaja na upole. Unaona sasa, hata yeye upole alikuwa anauweza. Mwaka 192 akawa konsuli mara ya pili, pamoja na Commodus mwenyewe. Mtu wa miaka 66, amepita kila ngazi, angeweza kupumzika.

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 193 wakaja kumgongea. Commodus alikuwa ameuawa, kanyongwa na mwanamieleka wake Narcissus, na waliopanga ni watu wake wa ndani kabisa, Marcia mpenzi wake, Eclectus aliyekuwa akiendesha mambo ya ikulu, na Laetus mkuu wa walinzi. Shika hapo, watu wake wa ndani. Pertinax hakuamini, akamtuma mtu anayemwamini kwenda kuuona mwili kwanza. Akachukuliwa mpaka kambi ya walinzi, usiku huo huo, akawaahidi askari sestersi 12,000 kila mmoja wamkubali.

Aliahidi hazina hajaifungua. Alipoifungua akakuta sestersi milioni 1. Ndo hazina ya ufalme kuanzia Uingereza mpaka Shamu, hesabu wewe, hizo zinatosha askari themanini na kitu na walinzi walikuwa maelfu. Ikabidi auze vitu vya Commodus kwa mnada, nguo za hariri, silaha, farasi, sanamu, watumwa, magari ya ajabu ajabu mengine yana vyombo vya kupima umbali na saa. Ndo maana nakuuliza kuhusu malimbikizo. Umeyaona madaftari? Umemuuliza mhasibu deni ni kiasi gani na bajeti ya mwaka huu imebaki nini, au umelisema tu kwa sababu kamera ilikuwa mbele? Nakujua una huruma, wale walimu wanaodai uhamisho wao wamekugusa, wamenigusa na mimi, mi mwenyewe nimedai miaka. Lakini mtu anayedai ukimwahidi tarehe anaiandika ukutani.

Alafu siku ya kwanza kabisa ofisa akaja kuomba neno la siri la walinzi kama ilivyo desturi, Pertinax akatoa lile lile alilokuwa akilitoa kila alikokuwa kamanda, kwamba tufanye uaskari. Kule Danube lilikuwa neno la kawaida tu. Kwa walinzi wa Roma waliokuwa wamezoeshwa kulewa na kuzurura na kunyang'anya watu barabarani lilikuwa tusi, wakasema huyu anatuambia sisi si askari, na siku hiyo hiyo wengine wakaanza kufikiria kumbadilisha. Siku ya kwanza! Wewe umeshalitoa lako, waliozoea kula wajiandae. Kati ya watumishi wa wilaya nzima wanaokula pengine ni wachache, lakini wote wameisikia, na yule mnyonge ambaye hajawahi kuiba hata kalamu naye anajiuliza kama yumo.

Sitaki uone kama alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mzuri, nadhani ndo kinachoniuma. Seneti ilitaka kumpa mkewe Flavia Titiana cheo cha Augusta, yaani malkia, akakataa, mwanawe wakataka awe Kaisari mdogo, yaani mrithi, akakataa, akasema asubiri mpaka astahili. Watoto wake hakuwaleta ikulu, aliwaacha kwa babu yao, akawagawia mali yake yote ya zamani. Alikataza jina lake lisiandikwe kwenye mali za ufalme. Mashamba yaliyolala akawapa watu wayalime na kuwasamehe kodi miaka 10. Mezani kwake walicheka kwamba anapakua nusu sahani ya mboga na kubana nyama, lakini Cassius Dio, seneta aliyeandika historia ya Roma, aliyekula naye na ambaye Pertinax ndo alimteua kuwa pretori, anasema kwenye meza ile hapakuwa na makuu. Na walinzi walipojaribu kumsimamisha konsuli Falco badala yake, njama ikagundulika, Pertinax akasema chini ya utawala wake hakuna seneta atakayeuawa, hata mwenye hatia, Falco akaishi.

Huyo huyo Dio aliyempenda ndo anasema kosa lake lilikuwa nini, kwamba pamoja na uzoefu wote ule hakuelewa kwamba mambo yote hayawezi kurekebishwa kwa mara moja salama, na kwamba kuisimamisha nchi tena kunataka muda na busara. Nimeisoma hiyo mara nyingi wiki hii. Hakusema alikosea kutaka kusafisha. Alikosea muda. Wewe siku 90, mwanangu, yeye Roma nzima alitaka aimalize kama vile ni kukagua mabweni, na walinzi wa mlangoni kwake ndo walikuwa wa kwanza kuguswa mfukoni.

Tarehe 28 Machi askari kama 200 wakatoka kambini mchana wakaelekea ikulu na panga zao nje. Malango yakafunguliwa na watu wa humo humo ndani, wahudumu wa Commodus waliokuwa wamebanwa. Angeweza kujificha, angeweza kuwaita askari wa farasi waliokuwa zamu, hakufanya, alitoka akaenda kuwakabili mwenyewe akidhani wakimwona wataona haya. Na waliona haya kweli, wengi walitazama chini wakarudisha panga alani. Ila mmoja akaruka mbele akasema upanga huu askari wamekuletea. Akajifunika kichwa na vazi lake. Eclectus peke yake ndo alisimama naye akajeruhi askari wawili kabla hajauawa. Kichwa cha Pertinax wakakichomeka kwenye mkuki.

Siku 87.

Na kilichofuata ni aibu kuliko kifo, walinzi waliuweka ufalme mnadani. Baba mkwe wake Sulpicianus yuko ndani ya kambi anataja bei, Didius Julianus, aliyewahi kuwa konsuli pamoja na Pertinax, yuko nje anataja bei, yule akafika 20,000 kila askari, huyu akaruka 25,000 akionyesha kwa vidole. Mwezi wa sita na yeye alikuwa amekufa. Septimius Severus, Kaisari aliyefuata, alipoingia Roma aliwavua walinzi wale silaha na kuwafukuza wote, akamfanyia Pertinax mazishi makubwa, wakaweka sanamu ya nta yake imevikwa nguo za ushindi na kijana anaipepea kwa manyoya ya tausi afukuze nzi, kama mtu aliyelala. Wakamfanya mungu kwa taratibu zao. Mwana wa Pertinax baadaye akauawa na Caracalla, mtoto wa Severus. Mimi nikisoma hapo sioni heshima yoyote, naona mke na watoto wameachwa.

Sasa sikuambii uache wezi. Ukiacha wezi usirudi hapa. Nakuambia hivi. Wiki ya kwanza soma mafaili, yote, hata yale yenye mende. Usimtumbue mtu mbele ya kamera, mwite ndani, msikilize, mwandikie barua, mpe siku zake za kujieleza, ana wazazi na yeye. Hesabu ya malimbikizo ipate kwa maandishi kabla hujatamka tena neno malimbikizo. Katibu tawala wako usimdharau kwa sababu hakuwahi kubeba bunduki, yeye ndo anayejua funguo za kila kabati ziko wapi. Na dereva, na mlinzi wa getini, na yule dada wa chai, wasalimie kwa majina, ujue watoto wao wanasoma wapi, posho zao zikichelewa uwe wa kwanza kuuliza. Sio kwa ujanja. Kwa sababu ni watu, na kwa sababu wao ndo wako mlangoni. Na kama unaweza tafuta namna ya kuirekebisha ile kauli, sema tu kwamba kazi imeanza na itachukua muda wake, hakuna atakayekuona mwoga isipokuwa waliotaka uanguke.

Mkeo ananiambia usiku hulali unaandika mipango. Lala. Yeye na watoto waache kwanza mpaka muhula uishe, usiwahamishe katikati ya mitihani, nimeshamwambia na yeye amekubali japo sauti yake niliisikia. Siku ile ya gwaride lako la kumaliza mafunzo sikuja, najua bado unaikumbuka, safari hii kuapishwa kwako nilikuwa tayari nauli ninayo kitenge kimeshonwa, ungeniambia tu.

Hapa nyumbani paa la jikoni limechoka kabisa, mvua za juzi maji yaliingia mpaka kwenye kuni. Fundi anataka bati 12 za geji 30, nikamwambia asubiri nikuulize kama zile ulizonunua mwaka juzi zilizobaki kwa shangazi yako bado zipo au zimeshaezekewa banda. Usitume hela, nimeuza machungwa bei ilikuwa nzuri kidogo, nataka jibu la bati tu. Mdogo wako ada ya muhula wa pili imebaki nusu, hiyo ndo utusaidie ukishapata mshahara wa kwanza, sio kabla, usikope. Yule mbuzi mweupe kazaa mapacha, mmoja nimemwandikia mwanao wa kwanza kwa sababu aliniomba kwa simu. Mzee wa jirani anayetudai mpaka wa shamba amesikia umekuwa mkubwa ghafla amekuwa mpole, nimemwambia mpaka utapimwa na mpimaji wa halmashauri kama kila mtu na wewe humo usiingie hata kidogo.

Blanketi lako la jeshi liko kwa shangazi, lipitie kabla ya basi la saa kumi na mbili maana huko unakokwenda nasikia asubuhi ni baridi kweli, na hilo swali la bati umuulize hapo hapo.

Mama yako